Huhitaji Tiketi Ndio Utulie

Wasee, hii mambo ya kuuziwa utulivu imezidi. Kila wikendi Nairobi kuna tangazo jipya: njoo uchore, upewe glasi ya divai, upigwe picha, akili itulie. Tiketi elfu tatu, na bado hujalipa nauli. Anayetaka kwenda na mabeshte zake aende, hiyo ni raha yake. Ninachopinga ni ule ujumbe unaokuja na tangazo, eti bila turubai, rangi za bei na mwalimu, kuchora hakuwezi kukutuliza.

Uongo. Mwaka wa 2016, Girija Kaimal na wenzake wa Chuo Kikuu cha Drexel, Marekani, walichapisha utafiti mdogo. Watu wazima 39 walipewa kalamu za rangi, udongo wa kufinyanga na karatasi za kubandika, wakatengeneza chochote walichotaka kwa dakika 45. Kwa karibu robo tatu yao, kotisoli, ile homoni inayopanda ukiwa na presha, ilishuka. Waliozoea sanaa hawakuwashinda wale wageni. Sawa, watu 39 ni wachache. Lakini kipaji hakikuwa sharti.

Na hapo ndipo tunakwama: "Mimi sijui kuchora." Nani alikuambia? Shule. Sanaa ilikuwa inatahiniwa kwenye KCPE ya zamani, ikaondolewa mwanzoni mwa miaka ya 2000. Sisi tuliokuja baadaye, hadi KCPE ya mwisho 2023, tulifunzwa kwamba kisicho na maksi ni kupoteza wakati. Ukipatikana unachora nyuma ya daftari, unapigishwa magoti. Sasa tumekua, na mahali pa maksi tumeweka laiki. Mtu anachora dakika tano, anatafuta mwanga wa picha dakika ishirini, halafu anashinda jioni yote akihesabu nani ameona.

Jaribu hivi leo. Zima simu uifungie kabatini. Chukua biro na nyuma ya risiti ya supamaketi. Chagua kitu kimoja: jani la sukuma wiki, kikombe, kiatu chako. Pitisha jicho polepole kwenye ukingo wake na biro ifuate, bila kuangalia karatasi. Dakika kumi. Itatoka vibaya, hiyo ni lazima. Akili itakimbilia kodi ya nyumba, itakimbilia aliyekuacha, itakimbilia kesho. Ikikimbia, irudishe kwa mshipa wa jani. Huko kuirudisha, tena na tena, ndiyo mazoezi yenyewe ambayo watu wanakuuzia. Ukimaliza, usiposti.

Najua kuna mtu atasema kuchora jani hakulipi kodi. Kweli kabisa, na atakayekuambia kunalipa ni tapeli. Tena kama giza limekukalia wiki nzima nzima, biro haitoshi. Ongea na mtu unayemwamini, nenda hospitali. Lakini hata mwenye shida zake ana haki ya kuangalia kitu bila kuuziwa kingine. Programu zilizo kwa simu yako zimeundwa zikushike macho, na macho yako ndiyo yanayouzwa kwa wenye matangazo.

Dakika kumi na jani la sukuma hazimwingizii mtu yeyote pesa. Ndiyo maana hakuna atakayekutangazia. Basi nimekutangazia mimi, bure.