Mwenye Lori Moja

Tangu barabara ya lami ya Dodoma hadi Babati, yenye kilomita 251, izinduliwe mwaka 2018, kijana wa Babati mwenye lori moja la mkopo aweza kushuka Dar es Salaam pasipo kuzunguka Arusha. Ni jambo la kupongezwa. Lakini lami hailipi deni. Leseni ya LATRA, bima na matairi hutangulia faida. Rejesho la benki ni la kila mwezi, ilhali mzigo wa mbaazi ni wa msimu, na bei yake hutegemea India, kama ilivyodhihirika mwaka 2017 nchi hiyo ilipoweka kikomo cha mbaazi inazonunua nje. Wakubwa wanaohusika na mikopo hawana budi kupanga marejesho kwa kufuata mavuno. Nasi wa visiwani tusijitenge: wadogo hawa wakifilisika, chakula kitokacho bara kitatufikia kwa nauli aitakayo mwenye malori hamsini.