KIANGAZI KIMEFIKA: TUWAPE WATOTO NJIA ZA PORINI, TUSIWAACHIE KIBERITI



Sifa zote njema zinamstahikia Allah (S.W.), na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aali zake na sahaba zake. Ama baada ya hayo.

Ndugu wazazi na wanafunzi, kila mwaka mvua zinapokatika, sisi wa Kuluba tunaingia katika msimu mzuri kuliko yote kwa kutembea. Njia za miguu zinakauka, nyasi zinalala, na mtu akisimama juu ya kilima anaona upande wa Kongo na upande wa Sudan Kusini bila kuhama mahali. Shule zimefungwa, watoto wako nyumbani Desemba na Januari yote. Alfajiri kuna baridi ya kujifunika shuka, na tukitoka msikitini tunakuta ndege wameshatangulia kumsabihi Mola wao.

Wakati huo Ulaya kuna theluji, na ndege wa huko wanakimbilia kwetu. Mbayuwayu tunaowaona Januari wakipita juu ya mashamba, wengi wao wamezaliwa nchi za mbali na wamevuka jangwa la Sahara. Korongo weupe nao hufuata bonde la Mto Nile kuja kusini. Wageni hawa wote tunaletewa mlangoni, wala hatulipi hata shilingi moja. Je, ni wangapi katika sisi waliowahi kumshika mtoto mkono wakaenda kuwatazama?

Kiangazi kilichopita tuliwachukua wanafunzi wetu wa madrasa, kwa ruhusa ya wazazi wao, tukapita katika shamba la mzee mmoja jirani. Tulitaka kuwaonyesha yale tunayoyasoma katika Sura ya Al-An'aam, aya ya 38, kwamba wanyama wa ardhini na ndege warukao ni umma kama sisi. Nusu ya kwanza ya safari ilikuwa furaha tupu. Tuliona kwale, tuliona nyayo za sungura kwenye vumbi, na watoto wakabishana kuhusu kiota kimoja mpaka tukacheka.

Nusu ya pili tulitembea juu ya majivu. Mteremko mzima ulikuwa umechomwa siku chache kabla. Pembeni mwa njia tulikuta gamba la kobe, tupu, limeungua. Watoto wakanyamaza. Kisha kijana mmoja, miongoni mwa wanafunzi wetu wazuri, akasema kwa sauti ndogo: "Mwalimu, mimi nilikuwepo. Tulikuwa tunawinda panya."

Ndugu zetu, kijana huyu alikuwa ameihifadhi hadithi iliyopokewa na Abu Dawud, ya safari ambayo masahaba walichukua makinda ya ndege, na mama yao akaja akitapatapa. Mtume (S.A.W.) akaamrisha makinda yarudishwe. Katika safari hiyo hiyo aliona kijiji cha sisimizi kimechomwa, akawafundisha kwamba kuadhibu kwa moto hakumfalii yeyote ila Mola wa moto. Kijana aliisoma vizuri darasani na tulimsifu. Basi tulijiuliza sisi walimu: ikiwa aliijua, kwa nini alikwenda? Jibu ni kwamba tulimfundishia ndani ya kuta nne. Sisimizi wa hadithi alikuwa wa kitabuni, na sisimizi wa Kuluba hatukumwonyesha hata siku moja.

Tunajua watu wanachoma kwa sababu. Mfugaji anataka majani mabichi, mkulima anataka kusafisha shamba upesi, mama anaogopa nyoka karibu na nyumba. Hizo ni haja za kweli na hatuzidharau. Lakini karibu na nyumba panga na jembe vinatosha, na majani yaliyofyekwa yakiachwa shambani yanatunza udongo. Moto wa Januari, na upepo mkavu ule, haumsikilizi aliyeuwasha. Unakula maua ya mshea, mti ambao mama zetu wanategemea mafuta yake, na unaweza kufika kwenye paa la jirani. Na hao panya, wengi wetu tunaofuata madhehebu ya Imam Shafii hata hatuwali! Tunateketeza kilima kwa kitoweo kisichoingia chunguni mwetu.

Hata sheria ya nchi inakataza kuchoma nyasi bila ruhusa. Ilitungwa mwaka 1974, wakati wa Rais Idi Amin, ambaye asili yake ni hapa hapa Koboko. Zaidi ya miaka 50 imepita, na sisi wa nyumbani kwake bado tunachoma.

Wala tusidhani kwamba viumbe haviishi. Wazee wetu waliishi na vifaru weupe wa kaskazini huku West Nile, kule Ajai na Mlima Kei. Waliwindwa kwa ajili ya pembe, na katika miaka ya 1980 wakatoweka Uganda. Dume la mwisho la aina hiyo duniani lilikufa Kenya, katika hifadhi ya Ol Pejeta, tarehe 19 Machi 2018. Leo tukiwauliza watoto wetu kuhusu kifaru, wanafikiri ni mnyama wa nchi za watu.

Kwa hiyo tunaomba mambo mawili. Kwanza, kila mzazi amtoe mtoto wake walau asubuhi moja kwa wiki katika likizo hii, baada ya Alfajiri, wapite katika njia za shamba lao wenyewe, wahesabu ndege na wajifunze majina yao kwa Kikakwa na Kiswahili. Pili, mwenye shamba atangaze mbele ya vijana kwamba kwake hakuchomwi.

Kijana wetu yule sasa ndiye anayetangulia mbele tukitembea. Mwezi uliopita aliona kobe mdogo njiani, akawasimamisha wenzake wote mpaka kobe akamaliza kuvuka. Tulingoja muda mrefu, na hakuna aliyelalamika.

Wabillahi tawfiq.