Nyanya yako naye hakuwa na kitambulisho

Kuna kauli ninayoisikia kila mara hapa Nakuru, kwenye matatu ya Kaptembwo, kwa kinyozi, hata matangani: "Mkenya halisi hakosi kitambulisho. Aliyekosa ana lake." Husemwa kwa utulivu, kama mtu anayetaja bei ya sukari. Ni uongo, na ubaya wake ni kwamba kuna madirisha ya serikali yanayoufuata kana kwamba ni kifungu cha katiba.

Tuanze na nyanya yako. Kama alizaliwa Molo, Bahati au Kabarnet enzi za mkoloni, basi aliolewa, akazaa, akalima na kulipa karo za watoto bila kitambulisho chochote. Usajili ulikuwa wa wanaume. Sheria haikumgusa mwanamke hadi 1978. Miaka yote hiyo alikuwa raia wa wapi?

Babu yeye alikuwa na kipande, kikining'inia shingoni ndani ya kijisanduku cha bati. Hicho hakikucheleweshwa. Walowezi wa Njoro na Naivasha walihitaji mikono ya kazi, na serikali yao ilitaka kujua mikono hiyo ikitoroka itasakwa wapi. Karatasi hutoka upesi pale anayeitoa ana haja nawe.

Haja hiyo ndiyo iliyowaleta watu kutoka Rwanda na Burundi kuchuma majani chai Kericho. Wakachuma, wakazaa, wakazikana huko huko. Ilipofika tarehe 12 Desemba 1963, uraia ulimwangukia bila kuomba yule aliyezaliwa Kenya na mzazi wake mmoja naye akawa amezaliwa Kenya. Aliyezaliwa hapa kwa wazazi waliotoka nje alipewa miaka miwili ajiandikishe. Nani alipanda hadi kwenye kambi za shamba kuwaeleza hayo? Muda ukaisha wakiwa na vikapu mgongoni. Na kwa kuwa kwetu mtoto hurithi uraia kwa mzazi, wala si kwa ardhi aliyozaliwa, kilichorithiwa kikawa ni kule kukosa. Mtu amezaliwa Kericho, mamaye kazaliwa Kericho, na bado si wa popote. Ukimwambia arudi kwao, atapanda matatu ya Kericho.

Sheria ya uraia ya 2011 iliwafungulia mlango watu wa aina hii: waliokuwapo nchini tangu uhuru, pamoja na uzao wao, wakapewa miaka mitano ya kuomba, kisha ikaongezwa mitatu hadi 2019. Mlango wenyewe ulikuwa na kizingiti kirefu, kwani ilibidi kuthibitisha kwamba babu alikuwapo kabla ya 1963. Kwa karatasi gani, na kipande chake huenda kilizikwa naye?

Mwaka juzi nilimsindikiza binti wa jirani kwenye ofisi moja ya usajili, ambayo sitaitaja. Ni Mnubi, wa ukoo wa wale askari wa Kisudani walioletwa na Mwingereza na kuachwa Kibera, Eldama Ravine na kwingineko. Mbele yake alikuwa kijana mmoja ambaye jina lake halikumshtua mtu. Alichovywa vidole kwenye wino, akapangusa kwa karatasi ya chooni, akaenda zake. Binti akaweka mezani cheti cha kuzaliwa, cheti cha kidato cha nne, barua ya chifu na nakala ya kitambulisho cha mama. Karani alizigeuza kwa ncha ya kalamu.

"Babu yenu alitoka wapi?"

"Eldama Ravine."

"Namaanisha kabla ya hapo."

"Kabla ya hapo sikuwepo."

Akaambiwa arudi siku ya kamati ya kuhakiki uraia, na vyeti vya babu. Tulitoka vidole vyake vikiwa safi kabisa. Mwaka 2011 kamati ya Afrika ya haki za watoto iliamua kwamba Kenya iliwavunjia haki watoto wa Kinubi kwa mambo haya haya.

Mtaniambia ni usalama. Hilo liliimbwa pia 1989, Wasomali wa Kenya walipopangwa foleni na kupewa kadi za waridi za kuthibitisha uraia wao, wakiwemo wazee wa Isahakia wa Gilgil na Naivasha ambao baba zao walimpigania Mwingereza. Sijawahi kuelewa nchi inajilindaje kwa kukataa kuchukua alama za vidole za mtu anayezileta mwenyewe.

Halafu tazameni serikali inavyojikanusha. Wamakonde walitembea kutoka Kwale hadi Nairobi mnamo Oktoba 2016. Mwaka uliofuata wakatangazwa kabila la 43. Washona, waliokuja miaka ya 1960 kuhubiri injili, wakapata uraia 2021. Wapemba wa Pwani, 2023. Kama Mkenya halisi hakosi kitambulisho, hawa walikuwa nani usiku wa kuamkia siku hizo? Damu yao haikubadilishwa. Iliyobadilika ni sahihi ya rais.

Nasi wa Bonde la Ufa tunajua vizuri kuliko wengi jinsi uraia ulivyo suala la nani anakuhitaji. Stephen Cherono, kijana wa Keiyo, alikwenda Paris Agosti 2003 akiwa Saif Saaeed Shaheen wa Qatar na kutwaa dhahabu ya mbio za kuruka viunzi na maji mbele ya Wakenya wenzake wa jana. Pasipoti ya Qatar haikumwuliza babu yake alizikwa wapi.

Binti wa jirani hana ndoto ya Paris. Anauza mitumba, na kwa kuwa hawezi kusajili laini, wateja humlipa kwenye M-Pesa ya mamake. Juzi mama alikwenda Mogotio matangani, akaondoka na simu. Binti aliuza tangu asubuhi, akapata wateja wazuri, na jioni akaja kwangu kukopa unga.