Mpelelezi wa Kukodiwa na Fumbo Lisilo na Uzito

Yapo mazoea miongoni mwa wanafunzi wa fasihi ya kuzitia kazi zote za upelelezi katika kapu moja la fasihi pendwa, kisha kulifunika kapu hilo. Hoja inayotolewa ni kwamba utamu wa kazi hizi umo katika fumbo, na fumbo likishateguliwa, hadhira haibakiwi na kitu. Filamu za Kimarekani za mpelelezi wa kibinafsi, hasa zile za miaka ya 1940, zinaikanusha hoja hii waziwazi. Wapo wanaozitazama mara ya tatu na ya nne, hali muuaji wanamjua tangu mara ya kwanza.

Huenda msomaji wa Kiswahili anapotoshwa na malezi yake. Mpelelezi aliyemzoea ni Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla, ambaye tunakutana naye katika riwaya ya Mzimu wa Watu wa Kale (1960). Bwana Msa, kama Sherlock Holmes aliyemtangulia, huvuta kiko chake, hutafakari, na mwishowe hudhihirisha namna nyuzi zote zilivyofungamana. Msomaji akienda na matarajio hayo mbele ya The Big Sleep (1946), filamu iliyoongozwa na Howard Hawks, atatoka ameduwaa, maana humo nyuzi hazifungamani.

Filamu hiyo ilipokuwa ikitayarishwa, waliohusika walishindwa kubaini ni nani aliyemuua dereva wa familia ya Sternwood. Wakamuuliza Raymond Chandler, mtunzi wa riwaya yenyewe; naye akakiri kwamba hajui. Isitoshe, toleo lililokamilika mwaka 1945 lilikuwa na onyesho ambamo msuko wa matukio unafafanuliwa. Onyesho hilo likaondolewa, na yakaongezwa majibizano ya Humphrey Bogart na Lauren Bacall. Ufafanuzi ukapunguzwa, mazungumzo yakazidishwa, na toleo hilo la pili ndilo linalokumbukwa. Anayetaka ushahidi kwamba fumbo ni kisingizio tu, huo hapo. (Miongoni mwa walioandika mswada wa filamu hiyo alikuwa William Faulkner, mshindi wa Tuzo ya Nobeli ya Fasihi ya 1949. Wanaoudharau utanzu huu wangefanya vyema kulitafakari hilo.)

Basi mvuto umo wapi? Umo katika hali ya mtu wa kukodiwa. Mpelelezi wa kibinafsi si askari wa serikali wala shujaa wa utendi. Ana ofisi na ana bei. Hakuna filamu inayoionyesha hali hii vizuri zaidi kuliko The Maltese Falcon (1941), ya kwanza kuongozwa na John Huston. Brigid O'Shaughnessy anapofika kwa Sam Spade na mshirika wake Miles Archer, akiwa na jina la uongo na kisa cha uongo, wawili hao hawakiamini kisa chake. Wanaziamini dola zake 200, na baadaye Spade hamfichi jambo hilo. Archer anauawa usiku. Spade hatoi chozi. Alikuwa na uhusiano wa siri na mke wa marehemu, na hakawii kuagiza jina la Archer liondolewe ofisini. Kufikia hapo mtazamaji ana kila sababu ya kumdharau.

Kisha inafika asubuhi ya mwisho. Gutman, aliyeisaka sanamu ya ndege kwa miaka 17, anaikwangua kwa kisu na kukuta ni risasi tupu, si dhahabu. Fumbo limekwisha, na kumbe sehemu bora ya filamu haijaanza. Spade anamgeukia Brigid, ambaye pengine anampenda, na kumwambia kwamba atamkabidhi kwa polisi kwa kumuua Archer. Hajipambi kwa hotuba ya haki. Anahesabu sababu zake kama mfanyabiashara: mshirika akiuawa, mwenzake hana budi kufanya jambo; muuaji akiachwa, kazi yao itaharibika; tena hana hakika kwamba mwanamke huyu hatamgeuka siku moja. Anadokeza hata kwamba sifa yake ya ufisadi huenda ilikuwa ikimletea wateja. Wakati wote huo uso wa Bogart unayapinga maneno yake. Mtu aliyedhaniwa kuwa kila kitu chake kina bei anaonekana kuwa na kitu kimoja asichokiuza, na anaona haya kukitaja.

Kasoro zipo. Mwanamke mrembo katika filamu hizi hubebeshwa mzigo wa uovu mara nyingi mno, na uhakiki wa kifeministi umefanya haki kulisema hilo.

Chinatown ya Roman Polanski (1974) inalisogeza suala hili mbele zaidi. J. J. Gittes hujipatia riziki kwa kuwafuatilia wake na waume wasio waaminifu, na hilo halimwonei haya. Akiwa katika kazi hiyo anagundua jinsi Noah Cross anavyonufaika na maji na ardhi za Los Angeles, na unyama aliomtendea bintiye mwenyewe, Evelyn. Hapa fumbo linateguka lote, kinyume na The Big Sleep; hakuna uzi unaofichika. Evelyn anauawa kwa risasi ya polisi akiwa ndani ya gari lake, Cross anamchukua msichana aliyekuwa akifichwa asimfikie, na Gittes, ambaye sasa anajua kila kitu, anaondolewa na wenzake huku askari wakiamuru watu watoke barabarani.