USIMAMIZI WA MIRATHI NI AMANA, SIO AJIRA



Wewe unayesoma hapa, jiulize: tangu baba azikwe, kodi ya ile nyumba inaingia mfuko wa nani?

Hadithi tunaijua, kuanzia Likoni na Majengo mpaka Malindi na Lamu. Hitma imesomwa, mikeka imekunjwa, ndugu mkubwa ameshika funguo na karatasi za nyumba. Wapangaji wanamlipa yeye. Ukiuliza, unaambiwa gharama ni nyingi. Ukiuliza tena, huna adabu, ama wewe ni mtoto wa kike, umeshaolewa, una haraka gani? Na mama, eda yenyewe haijaisha, anamuomba mwanawe pesa za dawa kutoka kwa mali ambayo ana fungu lake ndani.

Halafu siku ya kugawa inatoka mpya: "Mimi ndio nimehangaika, nakata asilimia 10 ya kazi yangu."

Haya, tufanye hesabu. Mazishi, madeni na wasia vishatolewa, zimebaki shilingi 800,000. Marehemu ameacha mjane, wavulana 2 na wasichana 3; wazazi wake walishatangulia. Mjane ana thumni, yaani 100,000. Kila msichana 100,000, kila mvulana 200,000. Sasa mkubwa akichota 80,000 kwanza, mama anabaki na 90,000, kila dada 90,000, ndugu mdogo 180,000. Yeye anaondoka na 260,000. Mungu amempa fungu lake, na yeye akajiandikia jingine.

Nani alimruhusu? Sheria ya Mirathi ya Kenya, Sura ya 160, inaacha mgawo wa mali ya Muislamu ufuate sheria ya Kiislamu. Kwa kazi ya usimamizi, kifungu cha 83 kinamruhusu msimamizi kulipa kutoka kwa mali gharama za kupata hati na gharama nyingine za kiasi. Ni gharama, sio mshahara wa kujipangia. Ada ya korti, nauli, wakili: sawa, alete risiti. Na Suratun Nisaa aya ya 6, kuhusu mlezi wa mali ya yatima, inamtaka mwenye uwezo ajizuie, na asiye nacho achukue kwa kiasi tu.

Kama warithi watu wazima wanataka kumpa ahsante kwa ridhaa yao, wampe kutoka mafungu yao. Lakini fungu la mtoto mdogo lisiguswe. Mtoto hawezi kuridhia, na kunyamaza kwa mama anayeogopa kugombana na mwanawe sio ridhaa.

Sasa chukua hatua. Muulize: hati ya usimamizi iko wapi? Kama hana, kifungu cha 45 kinasema anayeingilia mali ya marehemu bila idhini anaweza kutozwa faini isiyozidi 10,000, kufungwa mpaka mwaka mmoja, ama vyote viwili. Kama anayo, sheria inamtaka ndani ya miezi 6 apeleke kortini orodha kamili ya mali na madeni pamoja na hesabu. Akikataa, nenda Mahakama ya Kadhi uombe aamriwe kuileta. Akizidi kukaidi, hati yake inaweza kufutwa. Na kabla ya hayo yote, hakikisha barua ya chifu imetaja warithi wote, mabinti na wajane pia.

Tunapiga kelele kila siku kwamba ardhi ya Pwani imenyakuliwa na wakubwa. Ni kweli. Lakini mnyakuzi wa dadake chumbani ana tofauti gani na yule wa ofisini?

Kuuliza hesabu sio kumkosea heshima marehemu. Kumkosea heshima ni kula jasho lake na wanawe wengine wakitazama.

Msomee mama ujumbe huu leo. Halafu umtumie aliyeshika funguo.