Shamba kwa jumla, viwanja kwa rejareja

Katika miaka ya karibuni imeenea biashara moja inayowavutia sana watumishi wa Serikali na walimu. Mtu hukusanya akiba yake ya miaka kadhaa, au huchukua mkopo unaokatwa katika mshahara, kisha huenda pembezoni mwa mji akanunua kwa mkulima ekari mbili au tatu za shamba. Shamba hilo hulikata vipande na kuwauzia wengine viwanja. Hununua kwa jumla na kuuza kwa rejareja, kama afanyavyo mwenye duka la sukari.

Hakuna sheria inayomkataza mtumishi kununua ardhi au kuiuza kwa kufuata taratibu. Mahitaji ya nyumbani ni mengi, watoto wanasoma na uzee haupigi hodi. Anayetafuta njia halali ya kuongeza kipato chake hastahili lawama. Hata hivyo ardhi si sukari. Gunia la sukari likilowana, hasara ni ya mwenye duka. Ekari ikikatwa ovyo, hasara humfika mkulima aliyeuza kwa bei ya njaa, humfika mnunuzi aliyejenga mahali pasipo na njia, na huufika umma ambao baadaye hulipa fidia ili barabara na bomba la maji vipite.

Kwa hiyo mgeni katika biashara hii hana budi kujiuliza swali moja kabla hajafungua mkoba wake: faida anayoitazamia itatokana na kazi gani? Ikitokana na kazi ya kupanga, kupima na kuhalalisha ardhi, faida hiyo ni jasho lake. Ikitokana na ujinga wa mkulima na haraka ya mnunuzi, jina lake ni ulanguzi, hata kama mlanguzi mwenyewe amevaa tai na anafundisha shule.

Yafaa ikumbukwe kwamba Taifa hili lilikwisha kulitafakari jambo hili hata kabla ya Uhuru. Mwaka 1958, Serikali ya kikoloni ilipopendekeza ardhi ya Tanganyika iwe mali ya mtu binafsi daima dumu, Mwalimu Julius Nyerere aliandika kijitabu Mali ya Taifa kupinga pendekezo hilo. Hoja yake ilikuwa wazi: ardhi ikigeuzwa bidhaa, wachache wenye fedha wataikusanya na walio wengi watakuwa wapangaji katika nchi yao. Mwaka 1963 umilikaji huo wa daima ulifutwa ukageuzwa kuwa upangaji kwa Serikali, na mwaka 1969 upangaji huo nao ukageuzwa kuwa haki ya kumiliki kwa masharti.

Nyakati zimebadilika, na sheria nazo zimebadilika. Sheria ya Ardhi Na. 4 na Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5, zote za mwaka 1999, zilianza kutumika Mei 1, 2001. Sheria hizo zinakubali kwamba maslahi katika ardhi yana thamani, na marekebisho ya mwaka 2004 yalilegeza masharti ya kuuza ardhi isiyoendelezwa. Lakini msingi haukung'olewa. Ardhi yote ya Tanzania ni ya umma, na Rais ni mdhamini wake kwa niaba ya wananchi. Anachouza mwananchi ni haki yake ya kuitumia, pamoja na masharti yote yanayoandamana na haki hiyo. Asiyelijua jambo hili hajui anauza nini.

Makosa ya wanaoanza huanzia hapo hasa. Mashamba mengi yaliyo kando ya miji ni ardhi ya vijiji. Ardhi hiyo husimamiwa na halmashauri ya kijiji, nayo halmashauri haiwezi kumgawia mtu ardhi bila idhini ya mkutano mkuu wa kijiji. Hata mkulima anapotaka kumhamishia mtu asiye mkazi haki yake ya kimila, kibali cha halmashauri hiyo kinahitajika. Mgeni wa mjini, akiisha kuandikishana na mkulima mbele ya mashahidi wawili na kupigiwa muhuri na mwenyekiti, hurudi nyumbani akiamini amepata hati. Muhuri huo unashuhudia makubaliano tu. Hauzai hatimiliki, wala haugeuzi shamba la kijiji kuwa kiwanja cha mji.

Kosa la pili ni baya zaidi kwa sababu hufanywa kwa makusudi. Mfanyabiashara asiye na mtaji wa kutosha humpa mkulima kishika uchumba tu, labda sehemu ya tano ya bei, akaahidi kumaliza baada ya miezi mitatu. Siku hiyo hiyo huanza kuwauzia watu viwanja katika shamba ambalo bado si lake, akitumaini kwamba fedha za wanunuzi ndizo zitakazomlipa mkulima. Mambo yakienda vizuri, huitwa hodari. Yakienda kombo, mkulima hulirudisha shamba lake, au watoto wake hulidai mahakamani, na mwalimu aliyelipia kiwanja kwa mkopo wa miaka mitano hubaki na karatasi mkononi huku mshahara wake ukiendelea kukatwa.

Mchezo huu si wa Tanzania peke yake. Nchini Marekani upo utaratibu unaofanana nao, ambao wanaoanza hufundishwa kuwa ni njia ya kuingia katika biashara ya majumba bila mtaji. Mtu humtafuta mwenye nyumba aliyebanwa na madeni au msiba, hutia naye mkataba wa kuinunua kwa bei ya chini, kisha huuuza mkataba wenyewe kwa mwenye fedha kabla siku ya malipo haijafika. Tofauti ya bei ndiyo posho yake, ingawa nyumba hakuimiliki hata siku moja. Nchi hiyo haisemwi kuwa adui wa biashara. Hata hivyo jimbo la Illinois lilibadili sheria yake mwaka 2019, ili anayerudia biashara ya namna hiyo zaidi ya mara moja katika miezi 12 awe na leseni ya udalali. Na Oklahoma ilitunga sheria yake mwaka 2021 kwa madhumuni kama hayo. Ikiwa huko kwenyewe wameona haja ya kuweka mipaka, hapana sababu ya Mtanzania kuuona mchezo huo kuwa elimu mpya.

Kosa la tatu linatokana na hesabu. Ekari moja ina mita za mraba zipatazo 4,047. Kiwanja cha mita 20 kwa 20 kina mita za mraba 400. Anayeanza hugawanya, akapata viwanja 10, na moyo wake hujaa furaha. Amesahau barabara. Amesahau njia ya maji, mtaro wa mvua, na mahali pa shule, zahanati na soko ambapo eneo zima litapahitaji. Akiacha nafasi ipasavyo, ekari ile itampa viwanja sita au saba. Kila mita anayoiacha kwa ajili ya umma huiona kama fedha inayodondoka mfukoni; basi huchora vichochoro ambavyo hata gari la wagonjwa haliwezi kupita.

Na lichukuliwe jambo hili kwa mfano wa tarakimu, bila kudai kuwa ndizo bei za mahali fulani. Mtu amenunua ekari kwa shilingi milioni 4. Akiikata viwanja 10 bila kupima, akauza kila kimoja kwa milioni 1.5, atapokea milioni 15 na kubaki na milioni 11. Mwenzake anaacha barabara, anapata viwanja saba, anatumia milioni 2.5 kwa kupanga na kupima, na kwa kuwa kiwanja kilichopimwa huaminika na hununuliwa kwa bei ya juu, anauza kila kimoja kwa milioni 2.5. Atapokea milioni 17.5, na baada ya kuondoa gharama atabaki na milioni 11 zile zile. Wa kwanza amewaachia wanunuzi kumi mgogoro. Wa pili ameacha mtaa. Mfano huu unaonyesha kwamba uaminifu si lazima uwe hasara. Unachodai zaidi ni subira.

Basi aanzie wapi anayetaka kuanza? Aanzie ofisini, si shambani. Aende kwenye halmashauri ya wilaya au ya mji aulize kama eneo limo katika mpango wowote, na limetengwa kwa matumizi gani. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 ilipanua hifadhi ya barabara kuu na za mikoa kutoka mita 45 hadi mita 60. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 nayo inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, ziwa au bahari. Shamba la bei rahisi mno, lenye mandhari nzuri kando ya bonde au barabara, mara nyingi rahisi yake ina sababu.

Hatua ya pili ni kumjua anayeuza. Kama ardhi ina hati, upekuzi ufanywe katika Ofisi ya Msajili wa Hati ili ijulikane jina la mwenyewe na kama hati imewekwa rehani. Kama ni ya mirathi, aulizwe msimamizi aliyeteuliwa na mahakama, kwa maana mtoto mkubwa hawi msimamizi kwa sababu ya ukubwa wake. Kama kuna nyumba ya familia, ridhaa ya mke au mume ni ya lazima. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 haimruhusu mmoja kuiuza kisirisiri. Majirani wa pande zote nne washuhudie mipaka kwa miguu yao.

Hatua ya tatu ni kumlipa mkulima bei yake yote, kwa maandishi na kwa njia inayoacha kumbukumbu, kabla ya kuuza hata kiwanja kimoja. Mali bila daftari hupotea bila habari. Baada ya hapo ndipo zifuate idhini ya mamlaka ya upangaji kwa mujibu wa Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007, upimaji wa mtaalamu aliyesajiliwa, uwekaji wa mawe ya mipaka, na malipo ya kodi na ushuru wa stempu. Asiye na uwezo wa kubeba mzigo huo peke yake asikate tamaa. Walimu kumi wa shule moja, au wanachama wa chama cha akiba na mikopo, wanaweza kununua pamoja, wakapima pamoja na kugawana gharama. Yumkini faida ya kila mmoja itakuwa ndogo, lakini na hofu yake pia itakuwa ndogo.

Limebaki jambo moja linalowahusu watumishi wa umma peke yao. Wapo walio karibu na siri za mipango: afisa ajuaye barabara itapita wapi, mchoraji aliyeshika ramani ya mji mpya, mtendaji mwenye muhuri. Serikali ilipoanza kuhamia Dodoma mwaka 2016, kila mtu aliweza kuona kwamba ardhi ya pale itapanda thamani, na aliyenunua kwa kuona hivyo hakumwibia mtu. Lakini anayeijua ramani kwa sababu tu ya kiti alichokalia, akamwendea mkulima usiku kununua shamba ambalo kesho litatangazwa, amefanya biashara kwa mali ya mwajiri wake, na mwajiri wake ni mkulima yule yule. Azimio la Arusha la mwaka 1967 liliwakataza viongozi hata kuwa na nyumba za kupangisha. Masharti hayo yalilegezwa Zanzibar mwaka 1991, lakini Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma ya mwaka 1995 ingali inawataka viongozi kutamka mali zao na kuepuka mgongano wa maslahi. Ruhusa ya kumiliki haikuwa ruhusa ya kuuza siri za ofisi.

Serikali nayo ina wajibu wake. Upimaji wa umma unapochelewa, walanguzi hupima kwa hatua za miguu. Mradi wa viwanja 20,000 wa Dar es Salaam ulioanza mwaka 2002 ulionyesha kwamba wananchi wako tayari kulipia kiwanja kilichopangwa wakikipata. Kila halmashauri inayokaa kimya wakati mji unaota kama uyoga itakuja kutumia fedha nyingi zaidi kurasimisha makazi na kufidia kuta zinazobomolewa. Kupanga kabla ya kujenga ni nafuu kwa kila mtu, isipokuwa kwa mlanguzi.

Mwalimu na mtumishi anayeingia katika biashara ya ardhi ana kitu ambacho dalali wa barabarani hana: anajua kusoma sheria, na anaaminiwa na mkulima. Elimu hiyo ililipiwa na umma, na sehemu yake ililipwa na mkulima huyo huyo anayekwenda kuuza shamba. Haki inadai kwamba siku ya kutia saini, mkulima naye asomewe kila mstari, aelezwe ardhi yake itafanyiwa nini, na aondoke na bei ambayo hataijutia atakapoona viwanja vimeuzwa.