Baada ya upasuaji kuna vidonge

Mhariri,

Makala yenu ya saratani ya matiti iliishia kwenye upasuaji na mionzi. Sisi wa tamoksifeni, miligramu 20 kila siku kwa miaka 5, wengine 10, hamkututaja. Kidonge hiki huizuia estrojeni isishike kwenye titi, lakini hapa Burgao wakati wa kaskazi, moto unaonipanda kifuani usiku hulowesha shuka mpaka nikahamia barazani na leso mbichi shingoni. (Mama mkwe adhani nina jini.) Chai ya moto ya jioni nimeiacha, nafuu ipo.

Hayo yavumilika. Shavu la mguu mmoja kuvimba na kuuma, au damu baada ya hedhi kukoma, hayangojwi: ni safari ya hospitali Kismayo siku hiyohiyo. Liandikeni hilo toleo lijalo.

Msomaji,
Burgao